Etiketi tupu ni pesa: kabla ya kusifu chipu, tuangalie mashini ya kuchapa



Kuna neno moja limekuwa kama wimbo mu mikutano ya hapa kwetu Uvira. Ukienda mu kikao cha mbegu, utalisikia. Ukienda kwenye cha madini, utalisikia. Ukikaa na watu wa mifugo, kabla chai haijaisha kuna mtu atalitaja: RFID. "Tutie chipu ku kila gunia, udanganyifu utaisha." Watu wanapiga makofi, tunapiga picha ya pamoja, tunarudi nyumbani.

Mimi nilisomea kilimo, si elektroniki. Lakini miaka hii yote kazi yangu imekuwa kati ya shamba, mizani na gunia, na gunia bila etiketi halina jina. Njo maana nataka leo tuukosoe huu wimbo kidogo. Sisemi kama teknolojia ni mbaya. Ninachosema ni hiki: kila mtu anaangalia chipu, na hakuna mtu anaangalia mahali etiketi inazaliwa, yaani mashini ya kuchapa, rolo ya etiketi, na mkono wenye unashika hiyo rolo. Udanganyifu unaingilia pale.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Etiketi ya RFID ni kibandiko cha kawaida, lakini ndani yake kuna chipu ndogo kuliko punje ya mchele na antena nyembamba kama uzi. Haina betri. Chombo cha kusoma kinatuma mawimbi ya redio, chipu inaamka kwa nguvu ya hayo mawimbi, inajibu namba yake. Uzuri wake ni kwamba unaweza kusoma magunia mengi kwa mara moja bila kuyapanga moja moja mbele ya macho. Ile etiketi ya mistari myeusi, kila moja lazima uielekezee chombo, na kama matope yamefunika mistari, basi.

Sasa tuingie mu historia yetu wenyewe, juu hapa Kivu Kusini tumeshaishi na etiketi za madini kwa miaka mingi. Mwaka 2010 vyama vya kimataifa vya viwanda vya bati na tantalamu vilianzisha mpango wa iTSCi, na jaribio la kwanza lilikuwa Nyabibwe, teritwari ya Kalehe. Mu Julai ya mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, yenye kifungu cha 1502 kinacholazimisha makampuni kueleza kama madini yao yametoka Kongo au nchi jirani. Mu Septemba, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mu Kivu zote mbili na Maniema, na marufuku ikakaa hadi Machi 2011. Kazi ya etiketi ilirudi Nyabibwe mu 2012.

Mpango wenyewe ni rahisi kueleza. Mchimbaji anashusha mfuko. Ajenti wa serikali, awe wa SAEMAPE (zamani tuliiita SAESSCAM) ama wa Divizio ya Madini, anapima, anaandika mu daftari, anafunga etiketi ya plastiki yenye namba na mistari. Mfuko ukifika kwa mnunuzi unapimwa tena, unapewa etiketi ya pili. Namba zote zinapaswa kukutana mu kompyuta kubwa huko mbele, na mtu wa kiyeyusho cha ng'ambo aweze kusema: hii bati imetoka ku chimbo fulani, siku fulani.

Tuwe wa haki. Bila hizo etiketi, wachimbaji wengi wa hapa wangebaki bila mnunuzi wa halali, juu viwanda vya ng'ambo viliogopa kila kitu chenye jina la Kivu. Lakini mu Aprili 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti yenye kueleza jinsi madini ya machimbo yasiyoruhusiwa yalivyopata etiketi safi, pamoja na Nzibira, teritwari ya Walungu. iTSCi ilikataa mahitimisho ya hiyo ripoti. Mu Oktoba 2022, RMI, ule muungano wa makampuni unaofuatilia madini, uliiondoa iTSCi kwenye orodha ya mipango yenye ulikuwa unaitambua. Na kabla ya hapo, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameshaandika mu ripoti zao kama etiketi zenyewe zilikuwa zinauzwa.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Ni etiketi zenyewe zilikuwa bidhaa, kabla ya kufungwa ku mfuko wowote.

Kwa nini etiketi tupu iwe na bei? Juu imechapwa mbele, mbali, kwa maelfu. Inafika mu katoni ikiwa tayari na namba yake halali. Haijui kilo ngapi itabeba, haijui chimbo gani, haijui siku gani. Yote hayo yanaandikwa baadaye, kwa kalamu, mu daftari, na mtu mwenye mshahara wake mara inakuja mara haiji. Kwa hiyo namba inazaliwa halali kabla ya kitu chenye inapaswa kushuhudia. Ni kama mtu akusainishie barua ya ndoa bila majina, halafu aiache ku meza.

Hapa njo wenzangu wanasema: "Ndiyo, lakini ile ilikuwa mistari na plastiki. RFID haiwezi kudanganywa." Ndugu zangu, chipu yenye imechapwa mbele na kutumwa mu katoni itauzwa njia ileile. Tena ina hatari yake. Chipu nyingi za magunia zina namba mbili: moja ya kiwandani yenye haibadiliki, na nyingine yenye sisi tunaandika. Ile ya kwetu, kama mtu hakuifunga kwa neno la siri, mwingine mwenye chombo anaweza kuiandika upya. Na mara nyingi mu miradi, watu wanaiacha wazi juu wana haraka. Etiketi ya plastiki ya zamani angalau ulikuwa unaona kwa macho kama imekwaruzwa.

Lakini RFID ina kitu kimoja chenye ile plastiki haikuwa nacho, na ajabu yake ni kwamba mu mikutano hakuna mtu anakitaja. Mashini yake ya kuchapa inaweza kukaa kando ya mizani. Inafanya kazi tatu mu sekunde chache: inaandika namba ndani ya chipu, inaisoma tena kuhakikisha, halafu inachapa maandishi juu ya uso wa etiketi. Kama chipu haikujibu, inaichapa alama ya kuharibika na kupita ku inayofuata. Maana yake, etiketi inaweza kuzaliwa dakika ileile gunia linapimwa, na kilo, tarehe na shamba vikiwa tayari ndani. Kabla ya hiyo dakika, rolo ni karatasi tu. Haina bei kwa mtu yeyote.

Huo njo uzuri wa kweli wa hii teknolojia. Halafu tunautupa mikononi mwetu wenyewe, juu tunaagiza etiketi zilizochapwa tayari mu mji mwingine "ili kazi iende haraka".

Niwape mfano wenye niliuona. Msimu A mmoja nilikuwa nasaidia koperative moja ya tambarare ya Ruzizi yenye inazalisha mbegu za mpunga. Etiketi zilichapwa mbali na mtoa huduma mmoja. Zilikuja zimechelewa wiki tatu. Tulipozifungua tukakuta namba 31 zimetoka mara mbili. Fundi wao alieleza kwa simu: umeme ulikatika katikati ya kazi, mtu akawasha mashini tena, akaanza faili kutoka mwanzo badala ya pale ilipokomea. Etiketi za kwanza zilikuwa zimeshakatwa, nazo zikatiwa mu katoni ileile. Mama mmoja wa koperative alishika zile mbili mkononi, akauliza: "Sasa hii mbegu yangu imekuwa pacha ya nani?" Tulicheka, lakini mnunuzi hakucheka. Alikataa magunia yote ya hiyo katoni mpaka yahakikishwe upya. Wakati kuhakikisha kunaisha, watu walikuwa wameshapanda. Mbegu iliyokaguliwa shambani mara tatu, iliyopaliliwa, iliyoondolewa mimea ya ajabu mmoja mmoja, ikauzwa sokoni kama mchele wa kula, kwa bei ya mchele wa kula.

Chipu zilikuwa nzuri kabisa. Zote zilikuwa zinasoma. Kilichowaangusha wale mama ni umeme na faili.

Kwa hiyo tukizungumza juu ya kufanya uchapaji uwe wa haraka na wa kuaminika, tuzungumze mambo ya kweli ya hapa. Uvira iko kati ya mlima na ziwa. Umeme wa SNEL unatoka ku mabwawa ya Ruzizi na tunajua tabia yake. Vumbi la barabara ya RN5 linaingia kila mahali, na unyevu wa Tanganyika unafanya karatasi ijikunje. Mashini ya kuchapa inaogopa vyote vitatu.

Umeme: mashini isichape bila onduleri ama betri ya sola yenye inaweza kumaliza angalau rolo moja. Na muhimu zaidi, namba zisitoke mu faili lenye mtu anaanzisha kwa mkono. Zitoke mu hesabu yenye inaenda mbele tu. Namba iliyotoka, hata kama etiketi imepasuka, hairudi tena.

Vumbi: kichwa cha mashini chenye kinatoa joto kinapakwa uchafu, maandishi yanatoka na mstari mweupe katikati. Kukisafisha ni dakika mbili kwa spiriti na kitambaa laini, kila ukibadilisha rolo. Hii kazi ndogo hakuna mtu anaiweka mu bajeti, lakini bila hiyo mashini ya bei kali inakuwa takataka mu msimu mmoja.

Utepe wa wino: wa nta ni wa bei nafuu, lakini gunia likisuguana na jingine juu ya lori kutoka Luvungi hadi Kavimvira, maandishi yanafutika. Wa rezini unashika, hasa ukiwa juu ya etiketi ya plastiki badala ya karatasi. Bei inapanda, ndiyo. Lakini etiketi yenye namba haionekani kwa macho inamfunga mkulima kwa yule mwenye chombo cha kusoma.

Kuweka rolo: kila aina ya etiketi ina antena yake mahali pake. Ukibadilisha aina bila kuipima mashini upya, itaandika pembeni, ama itaandika chipu ya jirani. Halafu watu watasema chipu ni mbovu.

Na gunia lenyewe: mawimbi ya etiketi hizi yanachukia maji na chuma. Mpunga unaotoka shambani una maji mengi, inafika ata asilimia 20 na zaidi. Tunaukausha mpaka karibu 13 au 14. Ukijaribu kusoma etiketi ku meza ya ofisi, kila kitu ni kizuri. Jaribu juu ya gunia lenye limejaa, lenye limelala chini ya mengine kumi, siku ya mvua. Jaribio la ofisini halihesabiki.

Sasa nifike ku kipimo chenyewe, juu hapa njo ninaona kosa kubwa la miradi. Wanapima mashini kwa etiketi ngapi inatoa mu saa moja. Hicho ni kipimo cha kiwanda cha nguo huko Ulaya. Kwetu kipimo kiwe hesabu ya rolo. Rolo iliingia na etiketi 500. Zilizofungwa ku magunia ni 462. Zilizoharibika ni 21, na hizi 21 zimebandikwa mu daftari, zinaonekana kwa macho. Zilizobaki ku rolo ni 17. Jumla 500. Kama zilizoharibika zimeandikwa 21 lakini mu daftari ziko 12, basi 9 ziko mu mfuko wa mtu, na kazi isimame siku hiyohiyo. Hii hesabu haihitaji intaneti. Mama yeyote mwenye anauza mikate kwa kuhesabu anaifahamu.

Najua pingamizi inayokuja. Mtu atasema: "Ukimpa ajenti mashini kando ya mizani, umempa kiwanda cha kutengeneza uongo. Atachapa anavyotaka." Ni pingamizi ya kweli, na sitaikwepa. Ile mizani ya kalamu na ile mashini ya kuchapa, kama haziongei moja kwa moja, ajenti ataandika kilo anazopenda. Lazima mizani itume uzito wenyewe.

Lakini hata hiyo haitoshi, na hapa elimu yetu ya kilimo ina neno la kusema. Shamba lina mwisho wake. Mkaguzi wa SENASEM akipita mu hekta 2 za mpunga wa mbegu, anaweza kukadiria mavuno. Tuseme tani 4 kila hekta baada ya kusafisha. Hiyo ni tani 8, ni magunia 160 ya kilo 50. Uongeze kidogo kwa ajili ya makosa ya kukadiria. Mashini ipewe ruhusa ya hilo shamba kwa hiyo hesabu, na ikifika pale ikatae kuchapa mpaka mkaguzi arudi. Mwenye anataka kuingiza mpunga wa sokoni kama mbegu, atakutana na huo ukuta.

Chimbo nalo ni hivyohivyo. Shimo lenye wachimbaji kadhaa na nyundo haliwezi kutoa mara tano ya nguvu zao. Ukiona etiketi nyingi kuliko mlima unavyoweza kutoa, huhitaji mpelelezi kutoka London akueleze. Hesabu ilipaswa kupiga kelele ku mashini yenyewe, siku ileile, kabla ya lori kuondoka.

Neno kidogo juu ya mifugo, kwa sababu watu wanatupa mfano wa Tanzania. Jirani zetu walipitisha sheria ya utambuzi wa mifugo mwaka 2010, na mu Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo pamoja na utambuzi wa mifugo. Angalieni miaka: 15 kati ya sheria na hiyo kampeni. Hereni ya kielektroniki inafuata njia nyingine kwa kawaida: namba ya tarakimu 15 inatiwa kiwandani, na tatu za kwanza zinaweza kuwa za nchi, 834 kwa Tanzania, 108 kwa Burundi, 180 kwetu Kongo. Hapo hakuna kuchapa kando ya mizani. Ng'ombe atabeba namba moja maisha yake yote. Lakini swali la katoni ya hereni tupu linabaki palepale. Na kwetu kuna jingine zito zaidi: ng'ombe wa tambarare na wa milima wamekuwa sababu ya kumwaga damu. Orodha yenye inaonyesha nani ana ng'ombe wangapi na wanalala wapi, ikiangukia mikono mibaya, ni ramani ya wizi. Kabla ya hereni, mtu atujibu kwanza hiyo orodha italala wapi.

Na nani anasoma? Kenya, shirika la KEPHIS liliweka ku mifuko ya mbegu kibandiko cha kukwangua: mkulima anakwangua, anatuma namba kwa SMS ku 1393, anajibiwa kama mbegu ni ya kweli. Simu ya bei ya chini kabisa inatosha. RFID inampa nguvu ya kusoma mwenye ghala na mwenye mradi. Mama wa Sange anabaki anaangalia. Kwa hiyo etiketi ya kwetu, hata ikiwa na chipu, iwe na namba inayoonekana na njia ya simu ndogo. Mwenye anapanda ile mbegu njo mwenye ana faida kubwa ya kujua ukweli wake, na atakuwa mkaguzi asiyelipwa mshahara.

Jambo la mwisho ni gharama. Mu madini tuliona: gharama ya etiketi ilishuka ngazi kwa ngazi mpaka ikamfikia mwenye nyundo, kwa bei yenye anapewa ku kilo. Mu mbegu itakuwa vilevile kama hatusemi mapema. Etiketi yenye imeharibika ku mashini isilipwe na mkulima. Ikilipwa na mwenye mashini, mtaona jinsi kichwa kitakavyosafishwa.

Kwa hiyo wenzangu mnaoandika miradi sasa hivi, na ninajua mko wengi humu, naomba msiandike tu "mfumo wa RFID" mkahesabu vyombo vya kusoma. Andikeni mashini ya kuchapa itakaa wapi, nani anashika rolo, hesabu ya rolo inafungwa lini na mbele ya nani, na shamba moja linaruhusiwa etiketi ngapi. Mfadhili akiuliza kwa nini bajeti ina spiriti, vitambaa na betri, mwelezeni ile habari ya namba 31 za pacha.

Wenye mnafanya kazi ku mizani, ya mbegu ama ya madini, mnaona mambo yenye mimi sioni. Karibuni mtusahihishe.